Saa ya Warundi na saa ya foleni ni vitu viwili



Kuna neno moja tunalisikia kila mgeni anapofika hapa Bujumbura, awe ametoka Uvira, Nairobi ama Ulaya: ati watu wa huku hawajali saa. Hata wenzetu waliovuka Rusizi mwaka 2025 walianza kulisema kabla ya kujua njia ya sokoni. Sisi tunaojitolea, tunaopanda na kushuka kati ya mji na kambi, hatulikubali. Saa wanaijali, ila wanaihesabu kwa kitu kingine.

Sikiliza Kirundi chenyewe. Neno ni moja, ejo, na linabeba jana na kesho. Mtu akitaka kukutofautishia ataongeza: ejo haheze ni iliyopita, ejo hazoza ni inayokuja. Asipoongeza, wewe tazama kitenzi. Halafu kuna ndaje, yaani nakuja. Wageni wengi hukasirika wakiambiwa ndaje na mtu ambaye bado anaoga. Lakini yeye hakudanganyi, amekwambia nia yake, hajakwambia dakika. Na wazee wa milimani walipanga miadi kwa ng'ombe: tukutane ng'ombe wakitoka kwenda malishoni, ama wakienda kunywa maji. Ng'ombe hana dakika kumi na tano za kuchelewa. Akifika mtoni, ndiyo saa yenyewe.

Sasa nenda kwenye parkingi ya mabasi ya kwenda Ruyigi. Uliza, gari inatoka saa ngapi? Watakujibu, ikijaa. Mgeni anaona ni uvivu, sisi tunaona ni hesabu. Mafuta yamekuwa ya shida hapa Burundi miaka hii, watu wamelala kwenye foleni za stesheni, nani ataendesha gari yenye viti vitano vitupu mpaka Bwagiriza? Jumamosi asubuhi ndiyo usiseme, ni kazi za pamoja, hata dereva yuko na jembe. Usafiri wa namna hiyo ukishauelewa, hasira inapungua. Unabeba maji, unabeba ndizi, unaongea na mama aliyekaa pembeni. Kirundi chetu kingi tumekifunza hapo, si darasani.

Na nyumbani kwa watu ni vilevile. Ukitembelea familia ya Kirundi usianze na shida yako. Wataulizia wazazi, wataulizia afya, kuna kukaa kimya kidogo, kuna kinywaji. Ukiangalia simu kila mara umewaambia kwamba hawana maana kwako. Huo si muda uliopotea, na kwa mkimbizi ni zaidi: jirani aliyekaa na wewe masaa mawili ndiye atakayekuja kugonga mlango siku mtoto wako akiugua usiku.

Lakini hapa ndipo tunataka tusikilizwe vizuri. Kuna watu wamechukua maneno haya haya, pole pole, ndiyo Afrika, na wameyageuza kuwa kisingizio. Tumeona watu wanaambiwa wafike saa mbili asubuhi kwa ajili ya karatasi zao. Mama anatoka kambini alfajiri na mtoto mgongoni. Mwenye kalamu anafika saa sita, hasemi hata samahani. Siku nyingine mama huyo huyo anachelewa nusu saa kwa sababu gari haikujaa, jina lake linarukwa, arudi mwezi ujao. Sasa huo ni utamaduni gani unaolegea kwa mmoja na kukaza kwa mwingine? Mrundi wa mlimani anayesubiri ng'ombe anasubiri pamoja na mwenzake, wote wawili wako kwenye jua lile lile. Kwenye foleni mmoja yuko kwenye jua, mwingine yuko ndani.

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Ofisi iandike saa ambayo kweli itafungua mlango, na anayetoka mbali apewe nafasi siku ile ile hata akifika mchana. Waandike pia kwa namna watu wanavyosema. Karatasi ya Kifaransa ikisema saa 8, kuna mzee atasoma saa nane na kuja mchana, maana kwa Kiswahili na kwa Kirundi hiyo ni saa mbili. Na wenye ndugu Nyarugusu mnajua tayari: ukivuka mpaka kuingia Tanzania saa inaruka moja mbele, miadi ya simu inakosekana hivi hivi tu.

Ijumaa tunapanda Bwagiriza kuwasaidia waliopoteza zamu kuandika barua zao. Tukutane kwenye parkingi kukipambazuka. Gari ikijaa, tunatoka. Ukituandikia ndaje, tuambie uko wapi.