Mori Bila Kipimo

Iko imani iliyoenea katika viwanja vya shule zetu, nayo ni kwamba mchezaji hucheza vizuri kadiri anavyopandishwa mori. Kabla filimbi haijalia, wachezaji hukusanywa, hupigiwa kelele, hukumbushwa aibu ya kushindwa, na pengine hutishwa. Anayetetemeka huitwa mwoga. Anayetoa macho makali huitwa shujaa. Nasema imani hii ni ya uongo, na madhara yake kwa vijana ni makubwa kuliko manufaa yake. Msomaji, nisikilize, kisha uamue mwenyewe.

Mori ni kuamka kwa mwili na akili mbele ya jambo kubwa. Tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huenda haraka, misuli hukaza. Hali hiyo ni rafiki wa mchezaji. Asiye nayo kabisa hukimbia kama mtu aliyetolewa usingizini. Lakini ikipita kiasi, misuli hukataa kulegea inapotakiwa kulegea, mikono hutetemeka, na fikira hubanwa hata mchezaji asimwone mwenzake aliye wazi ubavuni pake.

Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya vijumba viwili, cheupe na cheusi, kwa kuwashtua kwa umeme kila walipokosea. Somo lilipokuwa rahisi, mshtuko mkali uliwaharakisha. Lilipokuwa gumu, mshtuko wa kadiri ndio uliofaa, na uliozidi uliwachelewesha. Panya si mwanamichezo, walakini uwanja unatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Mvuta kamba aweza kufaidika kwa mori mwingi, maana kazi yake yataka nguvu. Mpiga penalti ahitaji mguu mtulivu na jicho lililo wazi. Kelele moja itawafaaje wote wawili?

Tazama mfano wa karibu. Kutoka Chaka, mji wa soko ulio njiani kati ya Karatina na Nanyuki, hadi Kiganjo si safari ndefu. Katika chuo cha polisi cha Kiganjo, Kipchoge Keino alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika miaka ya 1960. Mwaka 1967, mjini Los Angeles, alishindwa na Jim Ryun wa Marekani katika mbio za mita 1,500, na Ryun akaweka rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata walikutana tena katika Olimpiki ya Mexico. Keino alikuwa mgonjwa wa nyongo, na siku chache kabla ya hapo maumivu yalikuwa yamemwangusha katika mbio za mita 10,000. Kama hasira ingetosha kuleta ushindi, sababu za kukasirika alikuwa nazo tele. Lakini alikimbia kwa hesabu. Ryun alikuwa hodari wa kumalizia, na hewa ya mji ule, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi. Ben Jipcho alianza kwa kasi kubwa, Keino akaishika kasi hiyo, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, karibu sekunde 3 mbele ya Ryun. Huo ulikuwa moto, lakini moto wa jikoni uliowekewa mafiga.

Huenda ukauliza: je, wachezaji wawe baridi kama maji ya mtungi? Hasha! Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri na bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007, alisifika kwa subira. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, yeye na wenziwe walimwacha Constantina Diță wa Romania atangulie peke yake. Walipoanza kumfukuza, njia iliyobaki haikutosha. Ndereba alipata nishani ya fedha, sekunde 22 nyuma. Subira nayo ina kipimo chake.

Basi, kijana, kitafute kipimo chako. Ukitetemeka kabla ya mchezo, usijidharau, mwili unajiandaa. Vuta pumzi polepole, toa pumzi polepole zaidi, na ufikiri juu ya tendo lako la kwanza tu. Ukijiona mzito, rukaruka mpaka damu ichemke. Na wewe utakayekuwa nahodha au mwalimu, wajue watu wako mmoja mmoja: yuko anayehitaji kuamshwa, na yuko anayehitaji kutulizwa. Ukiwapigia wote ngoma moja, kisha mmoja akakosa penalti kwa miguu iliyokazwa na vitisho vyako, usimwite mwoga mbele ya wenzake. Wengi walioitwa hivyo waliuacha uwanja na hawakurudi tena.