Chupa ya Matone kwenye Jamvi la Matanga

Kupima huzuni ya mfiwa kwa wingi wa machozi yake ni dhuluma, na dhuluma hiyo huwa nzito zaidi inapomwangukia mtu mwenye maradhi ya macho makavu, yaani hali ya kudumu ambayo jicho ama halitoi machozi ya kutosha, ama hutoa machozi yanayokauka upesi kabla ya kulilainisha. Mtu huyo hulia kama wanavyolia wenzake, ila kilio chake ama hakionekani kabisa, ama huonekana kisha kikamwachia macho yanayowaka na kukwaruza kwa saa nyingi baada ya wengine kusahau machozi yao. Madaktari wameyajua haya kwa muda mrefu, lakini kwenye majamvi ya matanga ya Mji wa Kale wa Mombasa hayajafika, na yaliyotokea wiki hii katika nyumba moja ya barabara ya Ndia Kuu ni aibu isiyostahili kufunikwa kwa heshima ya msiba.

Nyumba ni ya ghorofa. Wanaume walikuwa chini barazani, na wanawake juu, wamejaa kwenye majamvi, chetezo cha ubani kikifuka katikati ya chumba huku feni zikizunguka kwa nguvu zote kwa sababu ya joto. Mjane, mama wa makamo, alikuwa ameegemea ukuta, macho yake mekundu kama ya mtu asiyelala, na hapakuwa na hata tone lililotoka. Mnong'ono ulianza upande wa mlango: "Hata tozi halimtoki." Mwengine aliupokea, akaongeza kuwa ndoa ile tangu hapo haikuwa na mapenzi, na kabla kahawa haijamaliza kuzungushwa hukumu ilikuwa imeshapita chumba kizima.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Mjane alitoa chupa ndogo chini ya leso yake, akainua uso na kutia matone katika kila jicho, na ziada ikamtiririka mashavuni, kama inavyomtokea kila anayetumia dawa ile. Ni dawa anayoitumia kwa miaka, nao waliomzoea wamemwona akiitia sokoni, harusini na nyumbani kwake. Lakini pale jamvini ilitosha kumpa hatia ya pili: "Sasa ajitia matozi ya chupa!" Mwanamke yule yule aliyelaumiwa kwa kutolia sasa akalaumiwa kwa kulia kwa uongo, na hakuna aliyeona kuwa lawama hizo mbili zinapingana. Bibi mmoja mzee, kwa moyo safi kabisa, alimsogelea akamwambia, "Lia, mwanangu, lia, macho yapate maji." Naye akajibu, "Nalia, mama." Jibu hilo lilikuwa la kweli, na waliolisikia wengi hawakulifahamu.

Ili lifahamike, ni lazima kwanza kujua kuwa machozi si maji matupu. Jicho zima hufunikwa na utando mwembamba sana wenye ute unaoshika kwenye jicho, maji yanayotoka hasa katika tezi iliyo juu ya jicho kwa upande wa nje, na juu yake mafuta yanayozuia maji hayo yasikauke, kama mafuta yanavyotanda juu ya mchuzi. Mafuta hutoka katika tezi ndogo zilizojipanga kwenye kingo za kope, ambazo zimebeba jina la tabibu Mjerumani Heinrich Meibom, aliyeziandika mwaka 1666. Utando huu hufanya kazi wakati wote mtu awapo macho, bila yeye kujua. Machozi ya moshi au kitunguu ni aina ya pili, yanayotoka kwa wingi ili kuliosha jicho, na machozi ya huzuni ni aina ya tatu, ambayo amri yake hutoka kwenye ubongo. Aina hizi mbili za mwisho ni maji mengi yanayokuja kwa ghafla, yakashuka mashavuni na kupitia vitundu vya pembe ya jicho hadi puani, na kwa mtu ambaye mafuta yake ni haba tangu awali, gharika hiyo huuvuruga utando badala ya kuujenga. Kwa dakika chache huenda akapata nafuu. Kisha maji hukauka, naye huhisi mchanga machoni, na akijifuta kwa ncha ya leso huongeza kidonda juu ya kidonda. Kwa hiyo ule ushauri wa kulia ili macho yapate maji, japo ulitolewa kwa huruma, si dawa ya macho makavu. Ajabu nyingine ni kwamba jicho kavu linaloungua laweza kutiririka maji mchana kutwa bila huzuni yoyote, likihangaika kujiosha, na mwenye nalo akapewa sifa ya wema asiyoitafuta.

Wako pia ambao machozi ya huzuni huwakauka kabisa. Mwaka 1933 daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, alieleza kwa kina maradhi ambayo leo yanaitwa kwa jina lake, ambamo kinga ya mwili hugeuka na kuzishambulia tezi za machozi na za mate. Wengi wa wanaoyapata ni wanawake. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kumzika mzazi wake bila tone kumtoka, ilhali koo limembana na kifua kinamtikisika. Hospitalini ukavu hupimwa kwa kipande cha karatasi ya kunyonya maji, kipimo alichokibuni Otto Schirmer mwaka 1903: karatasi huning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5, na ikilowa chini ya milimita 5 jicho huhesabiwa kuwa kavu sana. Karatasi ile husoma maji ya jicho tu, wala hakuna daktari aliyewahi kuitumia kusoma mapenzi ya mke kwa mumewe.

Linalokera zaidi ni kwamba sheria hii ya jamvini, ya kupima huzuni kwa machozi, haishuki ngazi. Kule barazani, mwanamume aliyefiwa akikaa macho makavu husifiwa kwa subira; juu, mwanamke mwenye macho hayo hayo huitwa mkavu wa moyo. Na wanaotoa hukumu hiyo ni Waislamu waliofunzwa tangu chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na kwamba niyaha, yaani kuomboleza kwa mayowe na kujipiga, imekatazwa. Dini iliyoruhusu chozi haikulifanya kuwa ushahidi unaodaiwa kwa mfiwa.

Tena chumba chenyewe ndicho kilichomuumiza. Mtu ataona ajabu jicho likauke katika mji wa pwani wenye unyevunyevu kama Mombasa, lakini upepo wa feni ukipiga usoni hukausha utando wa machozi popote pale, na jamaa walioko Muscat na Dubai, wanaoishi ndani ya hewa ya mashine mwaka mzima, huyalalamikia macho yao vivyo hivyo. Moshi wa ubani huyachoma. Umri baada ya hedhi kukoma, kisukari, na baadhi ya dawa za mzio na mafua zinazonunuliwa dukani huzidisha ukavu, na wanja unaopakwa ndani ya ukingo wa kope huweza kuviziba vinywa vya tezi za mafuta. Walioketi pale walikuwa na mikono ya kukisogeza chetezo dirishani na kuigeuza feni isimkabili, na hakuna aliyefanya hivyo.

Eda ya mjane yule ni miezi minne na siku kumi, na katika muda wote huo atakuwa nyumbani. Waliosema maneno yale wanaijua ngazi ya nyumba ile. Waipande tena, wamtake radhi, kila mmoja kwa kinywa chake.