Msiba wa Taifa Usigeuzwe Jukwaa la Kampeni

Kifo cha kiongozi aliyelitumikia taifa lake kwa miaka mingi ni msiba wa wananchi wote. Mkulima, mfanyakazi, mwalimu na mwanafunzi wana haki sawa ya kumlilia. Lakini msibani kila mtu hulia na lake, na penye jeneza la mkubwa hapakosi waliofika kwa shughuli nyingine: kutafuta sifa, kutafuta kura, au kulipizana kisasi. Historia ya Zambia, jirani na rafiki wa siku nyingi wa Tanzania, ina mafunzo ambayo kila mtumishi wa umma hana budi kuyatafakari.

Mzee Kenneth Kaunda aliiongoza Zambia tangu uhuru mwaka 1964 hadi aliposhindwa katika uchaguzi wa 1991. Hakuwa malaika. Katiba ya chama kimoja ya mwaka 1973 ilikuwa kazi ya serikali yake, na baadhi ya wapinzani wake waliwekwa kizuizini. Hata hivyo aliposhindwa alikubali, akaondoka Ikulu kwa amani. Malipo yake yalikuwa nini? Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa, naye akazuiwa kugombea tena kwa sababu wazazi wake walitoka Malawi. Siku ya Krismasi mwaka 1997 alikamatwa. Machi 1999, Mahakama Kuu ilitamka kwamba mtu aliyeiongoza nchi hiyo kwa miaka 27 hakuwa raia wake. Uamuzi huo haukudumu, lakini aibu yake ilibaki.

Alipofariki dunia tarehe 17 Juni 2021, akiwa na umri wa miaka 97, mambo yalikuwa mengine kabisa. Serikali ilitangaza siku 21 za maombolezo. Mwili wake ulisafirishwa kwa ndege kutoka jimbo hadi jimbo, na tarehe 2 Julai marais wa nchi kadhaa walikusanyika katika Uwanja wa Mashujaa mjini Lusaka kumpa mkono wa buriani. Heshima hizo alizistahili. Lakini kalenda haidanganyi. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 12 Agosti, mikutano ya kampeni ilikuwa imewekewa vikwazo kwa sababu ya korona, na Rais Edgar Lungu, kiongozi wa waombolezaji, alikuwa pia mgombea.

Jamaa za marehemu walieleza kwamba Mzee alitaka azikwe nyumbani kwake, kando ya kaburi la mkewe, Mama Betty, aliyefariki mwaka 2012. Serikali ilishikilia kwamba azikwe Embassy Park, penye makaburi ya marais, mkabala na Ofisi ya Baraza la Mawaziri. Mmoja wa wanawe alikwenda mahakamani, lakini hakufanikiwa kuyazuia mazishi. Hoja iliyoshinda ni kwamba maslahi ya taifa yapo juu ya matakwa ya mtu na jamaa zake. Tarehe 7 Julai akazikwa hapo, katika uwanja mmoja na Frederick Chiluba, ambaye katika utawala wake ndipo uraia wa Kaunda ulipokanwa.

Je, msiba huo ulimpatia mtu kura? Wiki tano baadaye Lungu alishindwa na Hakainde Hichilema kwa zaidi ya kura 900,000. Mwananchi anaweza kulia msibani asubuhi, na jioni akakumbuka bei ya unga.

Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Tarehe 5 Juni 2025 Lungu naye alifariki dunia, mjini Pretoria, Afrika ya Kusini. Jamaa zake walisema hakutaka Rais Hichilema aukaribie mwili wake. Uhasama huo ulikuwa na mizizi: mwaka 2017, wakati wa utawala wa Lungu, Hichilema alikaa mahabusu miezi minne kwa shitaka la uhaini. Jamaa walipojiandaa kumzika huko huko ugenini tarehe 25 Juni, mahakama ilisimamisha mazishi siku ile ile. Serikali ya Zambia iliutaja mbele ya mahakama mfano wa mazishi ya Kaunda, na tarehe 8 Agosti ilipewa haki ya kuurudisha mwili nyumbani. Jamaa hawakukubali, na miezi ikapita maiti haijazikwa. Hoja iliyotumika kuwanyamazisha jamaa za Kaunda sasa ilitumika dhidi ya jamaa za Lungu.

Kosa hili si la chama kimoja wala la mtu mmoja. Ni tabia ya kumwona marehemu kama chombo cha siasa. Kaunda mwenyewe aliwahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1987, wakati viongozi wengi wa Afrika walikuwa hawathubutu hata kuutaja UKIMWI, aliwatangazia wananchi kwamba mwanawe aliyefariki mwaka uliotangulia alikuwa ameuawa na ugonjwa huo. Tangazo hilo halikumwongezea sifa. Aliubeba msiba wake mwenyewe akaufanya onyo la kuwaokoa watoto wa wengine.

Wala si kweli kwamba heshima ya taifa na matakwa ya jamaa haviwezi kwenda pamoja. Oktoba 1999, baada ya umati kumuaga Mwalimu Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, mwili wake ulipelekwa Butiama, kijijini kwake, akazikwa tarehe 23. Taifa halikupungukiwa na kitu kwa kaburi hilo kuwa mbali na Ikulu.

Ni wajibu wa kila nchi kuweka taratibu kabla msiba haujabisha hodi. Wosia wa kiongozi uandikwe angali hai na sheria iuheshimu. Ratiba ya maombolezo isitungwe kwa kufuata ratiba ya uchaguzi. Magari ya umma yabebe waombolezaji, yasibebe sare za chama. Mwalimu anayepewa amri ya kuwapanga wanafunzi barabarani ana haki ya kuuliza kama wanakwenda kumuaga marehemu au kumshangilia mgombea.

Juu ya yote, kiongozi mstaafu atendewe haki angali anapumua. Apewe pensheni yake, uraia wake usichezewe, na asikamatwe kwa kuwa bado ana wafuasi. Taifa lililomtendea hivyo halitakuwa na haja ya kushindania maiti yake.