Neno la Mhariri: Nyonga Isiyorudi Hospitalini

Mgonjwa wa miaka 35 akiambiwa abadilishwe nyonga, huuliza: itakaa muda gani? Toleo hili tumelitenga kwa swali hilo, na naanza kwa kusema kwamba majibu yaliyozoeleka hayamtoshi mtu wa Laela wala wa Matai, huku kwetu Rukwa.

Majibu yenyewe yapo. John Charnley, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, alianza na vikombe vya nyonga vya plastiki ya Teflon. Nyonga zipatazo 300 zikalika ndani ya miaka michache. Mwaka 1962 akahamia plastiki ngumu zaidi, na hapo ndipo nyonga bandia za leo zilipoanzia. Uchambuzi wa jarida la Lancet wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kwa mzee wa miaka 75 hiyo ni habari njema: kifaa huenda kikamzidi umri. Kwa kijana mambo hubadilika. Utafiti wa Uingereza wa 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanaume waliobadilishwa nyonga wakiwa na umri wa miaka hamsini na kidogo, karibu theluthi moja watafanyiwa tena maishani mwao. Kwa waliovuka miaka 70, ni kama 5 tu kati ya 100. Na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, maana mfupa wa kushikilia kifaa umeshapungua.

Lakini takwimu hizi zote zinahesabu kitu kimoja: kurudi chumba cha upasuaji. Nyonga isiyofunguliwa tena huandikwa kuwa nzima. Kwa London, sawa. Mtu wa Kaengesa ambaye nyonga yake imelegea atahitaji nauli ya Mbeya, pengine hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ndugu wa kumsindikiza, kifaa kipya, na msimu mzima wa kilimo kumpita. Wangapi wataweza? Wengine watabaki na dawa ya maumivu, diklofenaki, na mkongojo, na kwenye hesabu nyonga hiyo itasomeka kuwa imefaulu.

Wagonjwa nao si wale wale. Ulaya nyonga hubadilishwa zaidi kwa wazee ambao viungo vimechakaa. Vijana wetu huletwa na baridi yabisi, na selimundu inayokata damu hadi kichwa cha mfupa wa paja kikafa, na usaha ulioingia kwenye kiungo utotoni, na ajali ya bodaboda iliyoachwa bila matibabu. Kisha hurudi kwenye choo cha kuchuchumaa, mkao ambao unaweza kutegua nyonga bandia, na kwenye jembe. Kumwambia mkulima wa Ufipa asiiname ni kumwambia asile.

Hesabu ya kwetu wenyewe inawezekana: Malawi, ambayo haituzidi utajiri, ilianzisha daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005, ikaweza kuandika kwa ushahidi wake yenyewe hata juu ya wagonjwa wenye VVU. Madaftari huokoa watu pia: nyonga ya chuma kwa chuma iitwayo ASR, ya DePuy, iliondolewa sokoni mwaka 2010 baada ya daftari la Australia na la Uingereza kuonyesha kwamba inaharibika mapema. Zamani tabibu aliweza kujua hali ya wagonjwa wake bila daftari: Adrian Atiman, tabibu wa misioni aliyefika Karema mwaka 1889 akaishi huko hadi kufariki mwaka 1956, angeweza kukutana na wagonjwa wake wa zamani njiani. Bingwa wa leo anafanya upasuaji mwendo wa siku nzima kutoka kwao.

Ninachodai ni kidogo. Kila kifaa hutoka kiwandani na vibandiko vyenye namba yake. Kimoja kibandikwe kwenye faili, kingine kwenye kadi anayokwenda nayo mgonjwa nyumbani, na nakala itumwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sumbawanga, popote alikofanyiwa. Kila baada ya miaka michache apigwe eksirei hapa hapa, hata kama haumwi, kwa kuwa mfupa unaozunguka kifaa huweza kuliwa kabla ya maumivu kuanza. Na aulizwe mambo ambayo madaftari ya Ulaya hayana haja ya kuuliza: unachuchumaa? Unalima ekari ngapi? Unapanda pikipiki? Ungekuwa na nauli, ungerudi? Kuuliza huko hakutaki mashine wala bingwa. Kunataka namba ya simu na karani wa kuipiga mara moja kwa mwaka.