Daftari la Mlango wa Mtandao Liwe Mikononi Mwetu



Kiwanda cha leo kina mageti mawili. La kwanza tunalijua: lina mlinzi, lina kizuizi, lina daftari. La pili ni tundu dogo ukutani linalochomekwa waya wa kompyuta. Anayepita hapo hafiki kwenye mashine wala kwenye ghala la tumbaku. Anafika kwenye orodha ya mishahara, kwenye makato ya pensheni, kwenye majina ya wanachama wa tawi. Geti la kwanza wafanyakazi tumeligombania miaka mingi: nani apekuliwe, nani aandikwe amechelewa, nani azuiliwe. Geti la pili wakubwa wamewaachia wauza mitambo, na sisi hatukuulizwa. Maoni yangu ni kwamba geti hili nalo ni jambo la chama, na saa ya kulisemea ni sasa.

BAWABU NA MWENYE DAFTARI

Kompyuta za ofisi huunganishwa na swichi. Hii si swichi ya taa. Ni kisanduku chenye matundu mengi, na kila waya wa kompyuta huishia hapo. Kwa kawaida swichi haiulizi swali. Ukichomeka waya umeingia. Mtu aliyeketi kwenye korido akisubiri kuitwa anaweza kuchomeka kompyuta yake akawa ndani sawasawa na mhasibu.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 2001 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa kanuni ya 802.1X. Kwa kanuni hiyo swichi hugeuzwa kuwa bawabu. Anayechomeka waya huambiwa ajitambulishe, kwa jina na neno la siri au kwa cheti kilichomo ndani ya kompyuta yake. Lakini bawabu huyu hana amri. Hupeleka ombi kwa mwenye daftari, yaani kompyuta moja inayotunza majina yote, naye hujibu: mruhusu, mkatae, au mruhusu ila umpeleke mtaa fulani. Lugha wanayosemezana hao wawili huitwa RADIUS, nayo iliandikwa hadharani mwaka 1997 ili mtengenezaji yeyote aitumie.

Huo "mtaa" mafundi huuita VLAN. Waya ni uleule, lakini wahasibu wana mtaa wao, mafundi wao, na wageni wao. Mgeni anayetaka kusoma barua zake huzisoma, na orodha ya mishahara haioni hata kwa mbali.

Shikeni jambo moja kabla hatujaendelea. Mabawabu wanaweza kuwa mia moja, kila mmoja ametoka kiwanda chake, lakini daftari ni moja.

VISINGIZIO VIWILI

Ubishi unaanza mitambo inapokuwa ya watengenezaji mbalimbali. Jengo moja mjini Lilongwe laweza kuwa na swichi ya Cisco ya miaka mingi ofisini, ya Huawei kwenye chumba cha mikutano, na ya MikroTik ghalani.

Dzaleka jambo hilo ni zito zaidi. Kambi hii ya wilaya ya Dowa, kaskazini ya Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la siasa wakati wa Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu wasiozidi 12,000. Leo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Tangu mwaka 2010 wako humo wanaosoma masomo ya chuo kikuu kwa kompyuta, na wako vijana waliojifunza kuandika programu. Kwa mtu ambaye sheria inambana asiajiriwe ovyo wala kukaa nje ya kambi, mtandao ni shule na ni kazi. Na kituo kinachoishi kwa misaada hakichagui chapa. Mfadhili wa mwaka huu analeta swichi za aina hii, wa mwaka ujao analeta nyingine.

Hapo hutoka visingizio viwili. Cha kwanza: "Swichi hazifanani, haiwezekani kuziwekea sheria moja, tuache wazi." Cha pili husemwa mwuzaji akiwa ameketi kando: "Tutupe zote, tununue za kampuni moja pamoja na programu yake ya ulinzi."

Kisingizio cha kwanza si cha kweli. Karibu kila swichi iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi, ile inayoweza kupangwa na fundi, inajua 802.1X na inasema RADIUS. Ushahidi upo jirani. Vyuo vikuu vya dunia vina mpango uitwao eduroam: mwanafunzi wa Nairobi akifika Kampala hufungua kompyuta yake, bawabu wa Kampala humwuliza mwenye daftari wa Nairobi, naye akaingia. Kenya mpango huo unaendeshwa na KENET, Uganda na RENU. Vyuo hivyo havikununua mitambo ya duka moja. Vimekubaliana lugha tu. Na muungano wa mitandao ya vyuo vya Afrika Mashariki na Kusini, UbuntuNet Alliance, una makao yake papa hapa Lilongwe. Haifai mtu wa Lilongwe kuambiwa kwamba jambo hili haliwezekani.

Kisingizio cha pili ni cha hatari zaidi kwa sababu kimevaa suti. Mwaka 2008 Microsoft ilileta ndani ya Windows Server mpango wake wa kukagua kompyuta kabla hazijaingia mtandaoni, ukaitwa Network Access Protection. Katika Windows Server ya mwaka 2016 mpango huo haukuwamo tena. Aliyejenga geti lake lote juu ya mpango ule alibaki na nguzo bila mlango. Aliyejenga juu ya 802.1X na RADIUS, ambazo si mali ya kampuni yoyote, bado geti lake linafunga na kufungua. Tena, programu ya kutunza daftari haina lazima ya kununuliwa. FreeRADIUS ilianzishwa mwaka 1999 na hutolewa bure. PacketFence nayo ni bure, na imetengenezwa makusudi kuongoza swichi za watengenezaji wengi. Fedha ya kampuni moja heri itumike kuwafundisha vijana wetu.

TOFAUTI ZIPO, ZIANDIKWE

Nisieleweke kwamba kazi ni nyepesi. Lugha ni moja, lafudhi ni nyingi. RADIUS yenyewe imempa kila mtengenezaji nafasi ya kuongeza maneno yake, na ndiyo njia anayotumia mwuzaji kukufunga. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya nyumba iwe hii: tumia maneno ya wote, na neno la kampuni litumike pale tu pasipo na njia nyingine, tena liandikwe.

Ziko swichi zinazotaka kuambiwa namba ya mtaa, na nyingine hupokea jina. Basi namba na majina ya mitaa yawe yaleyale kila jengo. Amri ya kumtoa mtu aliyekwisha kuingia husikilizwa kwenye mlango namba 3799 kwa mujibu wa kanuni ya wote, lakini swichi za Cisco kwa mazoea husikiliza namba 1700. Fundi asiyejua hilo ataamuru mtu atolewe, na mtu ataendelea kukaa ndani.

Jambo la tatu ni mashine zisizoweza kujitambulisha: printa, kamera, simu za mezani. Hizi huruhusiwa kwa namba iliyochapwa ndani yake, iitwayo anwani ya MAC. Hiyo ni sawa na kumruhusu mtu getini kwa sababu ya namba ya baiskeli yake, namba huigizwa. Mwezi Julai 2024 watafiti walitangaza udhaifu wa RADIUS walioupa jina la Blast-RADIUS, ambao ungemwezesha mtu aliyejipenyeza kati ya bawabu na mwenye daftari kugeuza "mkatae" kuwa "mruhusu". Maombi ya 802.1X yalikuwa salama. Yaliyokuwa hatarini ni ya aina nyingine, yakiwamo ya anwani za MAC. Kwa hiyo printa ikae mtaa wake mwembamba ambako haifiki popote ila kwenye kazi yake. Na swichi ya msaada iliyozeeka hata isipate marekebisho isiwekwe kulinda ofisi ya fedha.

Mwisho, bawabu wote wasianze kufunga siku moja. Kwanza waulize na kuandika tu, bila kumzuia mtu, mpaka ijulikane nani atakwama na kwa nini. Kisha wafunge jengo moja baada ya jingine.

KIPANDE KISIRUDI KWA MLANGO WA NYUMA

Sasa nafika kwenye kiini. Wazee wetu wa Kenya walivaa kipande shingoni. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ndani yake palikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, na bila sahihi ya mwajiri mtu hakuondoka kazini kwa halali. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe walipigwa risasi. Wazee wa Malawi waliokwenda Rhodesia kutafuta kazi nao walibeba situpa. Ubaya wa vipande hivyo haukuwa karatasi. Ubaya ulikuwa kwamba kalamu ilishikwa na mwajiri na mtawala peke yao.

Mtandao nao una kipande chake. Mwenye daftari, mbali na kuruhusu, huandika: fulani kaingia saa hii, katika tundu hili la jengo hili, akatoka saa ile. Kiwandani, maandishi hayo yanaweza kumwonyesha meneja nani alikuwa katika chumba cha tawi saa ya chakula siku mbili kabla ya mgomo. Dzaleka maandishi hayo ni mazito zaidi. Watu wa pale wanajua kuulizwa na mashine "wewe nani?", mwaka 2013 UNHCR ilijaribu kambini humo mfumo wake mpya wa kuandikisha watu kwa vidole, macho na uso. Na Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Tuseme shirika linaunganisha daftari la kituo cha Dzaleka na la ofisi yake ya Lilongwe, jambo jema kabisa kwa fundi. Tangu siku hiyo, kila mtu wa Dzaleka atakayechomeka waya mjini atakuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba siku hiyo alikuwa mjini. Mlango uliowekwa kumlinda umekuwa shahidi juu yake.

Je, tuache wazi basi? Hapana. Mlango ulio wazi haumlindi mnyonge. Majina yake yataibwa na yeyote apitaye. Mlango ufungwe, lakini daftari liwe na wenyewe.

MADAI YETU

Kila tawi lenye kompyuta, na kila kamati ya kituo, lidai haya. Daftari litunzwe na watu wawili waliokubaliwa na wanachama, asiwe mwuzaji wala mtu mmoja. Sheria iwe moja kwa kila swichi, ya chapa yoyote, na meneja aulizwe na bawabu kama anavyoulizwa mfagizi. Anayekataliwa aambiwe sababu na aambiwe aende kwa nani siku hiyohiyo. Maandishi ya nani kaingia wapi yafutwe baada ya siku zilizokubaliwa, wala yasitumike kumwadhibu mfanyakazi au kufuatilia nyendo za mtu. Malawi ina Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya mwaka 2024, tuitumie. Na iamuliwe mapema, kompyuta ya daftari ikizimika, mlango upi ubaki wazi na upi ufungwe: wa zahanati usimzuie mgonjwa, wa fedha usimruhusu mtu.

Mwuzaji atakapokuja na kitabu chake cha picha za mitambo, mwulizeni swali moja kabla ya bei: "Tukiuacha mtambo wako kesho tukachukua wa mwingine, daftari letu litabaki letu?" Akisitasita, mfungulieni geti la kwanza, lile la kutokea.