Chanda Chema Hakijavikwa Pete

Kila ifikapo tarehe 23 Juni, husomwa hotuba nyingi barani Afrika juu ya utumishi wa umma. Asili ya siku hiyo ni mkutano wa mawaziri uliofanyika Tangier, nchini Morocco, mwaka 1994; na mwaka 2002 Umoja wa Mataifa nao ukaifanya kuwa siku ya dunia nzima. Hapa Tanzania huadhimishwa kwa wiki nzima: mahema husimamishwa, fulana huchapishwa, vyeti hugawiwa. Kabla yake, siku ya Mei Mosi, wafanyakazi hodari huitwa jukwaani, hupewa mkono na zawadi, watu hupiga makofi, kisha kila mtu hurudi kwake.

Mimi si adui wa makofi. Wazee wetu walikwisha sema kwamba chanda chema huvikwa pete. Lakini wazee hao hao walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mtu aweza kudhani maneno haya mawili yapingana. Hasha, hayapingani. La kwanza latuamrisha tutoe sifa. La pili latuamrisha tuonje kwanza, na tuzidi kuonja hata baada ya kusifu. Tembo mimi situmii, walakini maana yake naifahamu. Na shauri langu leo ni hili: sisi twatoa sifa pasipo kuonja, na waliotuletea kilicho safi twawaacha wapite kama wageni wasio na mwenyeji. Kosa hili si kosa la adabu tu. Ni kosa linaloua watu.

Nina duka dogo katika kijiji cha Mwamgongo, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe. Huenda msomaji wa visiwani akauliza: mtu wa ziwani ana neno gani katika gazeti letu? Neno langu ni kwamba sisi nasi njia tuliyorithi ni maji. Kama vile mgonjwa wa Tumbatu avukavyo kwenda Mkokotoni, ndivyo mgonjwa wetu alivyozoea kuteremshwa ufukoni, akalazwa juu ya mbao za boti, akapelekwa Kigoma huku nduguze wakitazama mawimbi na kuomba Mungu. Aliyepata kumvusha mja mzito usiku, pepo za kusini zikivuma, hana haja ya kuelezwa ninayoyasema.

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa mwaka 1990 katika Hospitali ya Mkoa ya Kigoma, iitwayo Maweni. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni bado, na ubao wangu mkononi, nilipomwona mama akitoka jioni katika mtumbwi wa injini, taa za wavuvi wa dagaa zikianza kuwaka ziwani. Baada ya siku kadha alirudi, na mtoto mgongoni. Nami kwa utoto wangu niliona kurudi kwake ni jambo la kawaida. Jirani yetu mmoja, miaka michache kabla, alifia majini kabla boti haijafika gati. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipokuja kufahamu kwamba kurudi kwa mama hakukuwa jambo la kawaida hata kidogo.

Sikilizeni hesabu. Katikati ya miaka ya themanini, katika hospitali ile, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, walikufa kina mama 933 kwa sababu ya uzazi. Kwa hesabu ya dukani, hiyo ni karibu mama mmoja katika kila 107. Ilipofika mwaka 1991, hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hadi 186, yaani mama mmoja katika kila 538 hivi. Katika kila watano waliokuwa wakifa, wanne sasa walipona. Habari hizi si uvumi wa barazani. Zilichapishwa mwaka 1995 katika jarida la kitaalamu na marehemu Dakta Godfrey Mbaruku, aliyefanya kazi hiyo katika hospitali yenyewe, pamoja na Profesa Staffan Bergström wa Sweden.

Je, kulikuja mashine mpya kutoka Ulaya? Kulijengwa jumba la ghorofa? La. Jambo la kwanza lililofanywa lilikuwa kufungua madaftari ya miaka ya nyuma, 1984 hadi 1986, na kuyasoma. Ikaonekana kwamba hata kuandika hakukuwa kukiandikwa vema: vifo vingine havikuonekana katika daftari kabisa. Mwenye duka aifahamu hatari hii. Asiyeandika mali inayotoka hujiona tajiri mpaka siku ile apandapo kigoda na kukuta rafu tupu.

Baada ya hapo yakapangwa mambo 22 ya kutengeneza. Sitayataja yote, lakini msomaji na ayapime haya. Wafanyakazi wakawa na mikutano ya mara kwa mara ya kuchunguza kazi yao wenyewe, kuuliza ni kipi kingaliweza kuepukwa. Vyombo vikawekewa zamu za kutunzwa na kutengenezwa. Wauguzi na waganga wakafundishwa pale pale kazini ili mikono isisahau. Ikatafutwa njia ya kupata damu ya kuwatia wagonjwa. Ikaanzishwa sehemu ndogo ya kutengeneza maji ya dripu hapo hapo. Likatazamwa hata jambo la umbali wa makazi ya wafanyakazi wanaohitajiwa upesi, maana mtaalamu alalaye mbali ni sawa na dawa iliyofungiwa kasha na ufunguo kupotea. Malalamiko ya wananchi juu ya matunzo ya wagonjwa nayo yakatiwa katika hesabu. Na fedha zikachangishwa papo hapo, mkoani.

Huu, enyi ndugu zangu, ndio ubunifu katika utumishi wa umma. Watu wengi wakisikia neno ubunifu hutazamia kitu king'aacho chenye nyaya. Hapa ubunifu ulikuwa kuandika kila kifo, kukutana, kusikiliza, na kutengeneza kilichovunjika kabla hakijahitajiwa. Ulikuwa ubunifu wa mtu aliyeacha kungoja.

Sasa nauliza: tulimlipa nini mtu huyu na wenziwe? Sisemi fedha. Siku moja niliwauliza vijana wanne waliokuja kununua sabuni na mafuta ya taa, wote wenye umri wa miaka thelathini na kitu, ambao mama zao walijifungua Kigoma: mwamjua Mbaruku? Mmoja akauliza kama ni mchezaji mpira. Sikuwalaumu. Nani aliyewaambia?

Walakini malipo makubwa kuliko kutajwa jina ni kuigwa. Kazi njema ikitendeka Kigoma, heshima yake ya kweli ni kutendwa pia Sumbawanga, na Lindi, na Wete. Hapa ndipo penye jeraha. Utafiti wa taifa wa mwaka 2004/05 ulihesabu vifo vya kina mama 578 kwa kila vizazi hai 100,000 katika Tanzania. Na ule wa 2015/16 ukahesabu 556. Yafaa niwe mwaminifu wa mizani: kipimo cha hospitali moja na kipimo cha nchi nzima si jiwe moja, wala haijuzu kuviweka juu ya mizani moja. Lakini hata asiyejua hesabu aona kwamba robo karne baada ya Kigoma kuonyesha njia, nchi ilikuwa ingali palepale au karibu na palepale. Kutomtambua mtumishi mwema si kumnyima yeye cheti. Ni kuwanyima kina mama wengine njia aliyoigundua.

Na tuseme kweli yote. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta hesabu ya nchi imeshuka hadi 104. Kwa ajili hiyo, mwezi wa Februari 2025, mjini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo ya Goalkeepers ya wakfu wa Gates. Ni binti wa Unguja, na mwenye insafu hawezi kuikataa neema kwa sababu tu imepita mlangoni kwa mtu asiyempigia kura. Kina mama waliopona wamepona. Lakini baada ya kushukuru yatupasa kuuliza: pete hiyo iliyovikwa kidole cha juu, imeteremka hata ikavifikia vile vidole vilivyoshika kitambaa na maji ya moto usiku wa manane? Mkunga wa zahanati ya mwambao, mwenye zamu ya usiku na taa yenye betri inayokufa, ameonja nini katika makofi hayo? Mti husifiwa matunda, ilhali mizizi i gizani.

Nitaleta na mfano wa pili, kwa kuwa una funzo jingine. Mwezi wa Mei 2015, machafuko ya Burundi yalipowafanya watu kukimbia, makumi ya maelfu yao walijazana Kagunga, upande wetu wa kaskazini penye mpaka. Mahali ni padogo, mlima nyuma na maji mbele. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikatiwa kazini kuwachukua watu mamia kwa mamia hadi Kigoma. Mabaharia wa meli hiyo ya serikali walipakia wagonjwa na wazima, wazee na watoto, wauguzi wakawapokea, wengine wakachota maji na kutia dawa. Nani katika hao alikuwa mfanyakazi bora? Swali lenyewe ni upuuzi. Kazi ile ilikuwa ya jamaa nzima, na mtu angalimtoa mmoja jukwaani angaliwadhulumu mia. Ndiyo maana nasema desturi yetu ya kumtafuta mtu mmoja wa kumpa zawadi ina kasoro tangu shina lake.

Basi yafanywe nini? Nina mashauri matatu, na si ya gharama.

Kwanza, anayetumikiwa ndiye apewe mizani. Leo aghlabu anayetajwa ni yule asiyebisha. Mimi dukani sijipi cheti. Mnunuzi akirudi, hicho ndicho cheti changu. Kizuri chajiuza. Mkutano mkuu wa kijiji na uulizwe kila mwaka, mbele ya watu: ni ofisi gani iliyokutumikieni vema, na kwa jambo gani? Na malalamiko yao yaandikwe karibu na sifa, katika daftari moja.

Pili, zawadi isitolewe pasipo hesabu ya kabla na ya baada. Anayesema ametengeneza aonyeshe palivyokuwa na palivyo. Tena hesabu hiyo isomwe upya baada ya miaka mitatu, ili mgema ajue kwamba tungali twaonja. Aliyefundishwa sura ya Wapunjao utotoni hasahau kwamba kilaumiwacho ni kujipimia kamili na kumpimia mwenzio pungufu. Serikali inayohesabu sifa zake kwa kibaba kilichojaa, na makosa yake kwa kibaba kisichojaa, imo katika mlango huo huo.

Tatu, tuzo iwe kitu cha kuifanya kazi iendelee. Wodi iliyookoa watu ipewe nyumba za wauguzi karibu. Zahanati ya ufukoni iliyofanya vema ipewe boti na injini na mafuta yake. Na kubwa kuliko yote, watumishi wa mahali pengine wapelekwe hapo wakae mwezi, wajifunze, warudi kwao wakafanye. Cheti kitaliwa na mchwa, kilichoigwa hakiliwi.

Najua jawabu litakaloletwa. Litasemwa kwamba mtumishi wa umma halipwi sifa, analipwa mshahara, na kutenda wajibu si fadhila. Maneno haya yana sura ya kweli. Lakini mshahara hulipwa sawa kwa aliyefika na aliyefika kweli. Yule aliyekaa na daftari la vifo akitafuta kosa lake mwenyewe hakulipwa zaidi kwa kufanya hivyo; pengine alichukiwa. Taifa lisilojua kumtofautisha na mwenziwe aliyelifunga daftari akaenda kunywa chai, lawafundisha wote wawili kulifunga.

Mama yangu angali hai. Huketi nje ya duka jioni, akapepeta mchele na kuwaamkua wapitao. Hakupata kumjua daktari yule kwa jina, wala yeye hakumjua mama. Hivyo ndivyo utumishi mwema ulivyo: hutendwa na mtu kwa mtu asiyemjua. Deni la namna hiyo halilipiki kwa mtu mmoja mmoja. Hulipwa na umma. Nami nikiwa mtu wa kuandika madeni, nimeliandika hili hapa, ili lisije likasemwa kuwa halikuwapo.

Mwenye Duka,
Mwamgongo.