Timu Hujengwa Likizoni

Naomba nafasi niseme neno juu ya timu yetu ya mpira wa kikapu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, umri wangu miaka 19, na mwezi wa Desemba nitakapofunga sanduku langu sitarudi tena. Kwa hiyo haya nisemayo hayana faida kwangu mwenyewe. Nayasema kwa ajili ya wale nitakaowaacha.

Tangu tuliposhindwa mchezo wetu wa mwisho hapa Mbarara, maneno ya bwaloni ni yale yale. Kila mtu ana jina la mtu wa kuletwa. Mmoja ataka kijana mrefu wa Kampala. Mwingine amesikia habari za mtu ambaye akinyosha mkono hugusa chuma cha kikapu bila kuruka. Shule inazo nafasi 2 za kusamehewa karo kwa wachezaji, na kamati ya michezo itakata shauri mwezi wa Januari. Watu wauliza, "Tumlete nani?" Sijamsikia hata mmoja anayeuliza, "Tunaye nani?" Maoni yangu ni kwamba swali hilo la pili ndilo lipasalo kuulizwa kwanza.

Mimi natoka Nakivale. Kwa wale wasiopajua, makazi hayo ya wakimbizi yako katika wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, na yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na kwa wengi wetu Kiswahili ndicho kituwezeshacho kuuziana nyanya. Uwanja tuliojifunzia ni wa udongo mwekundu. Kikapu ni pete ya chuma iliyochomelewa juu ya mlingoti, na mvua ikinyesha mpira haudundi. Ukiangushwa hukaa papo hapo.

Palikuwa na kijana tuliyecheza naye pale, mdogo kwangu kwa miaka miwili. Shule moja, ambayo sitaitaja na ambayo si yetu, ilimwona ikampenda kwa urefu wake. Akaambiwa, "Njoo, karo si juu yako." Hakuna karatasi iliyoandikwa. Alicheza mwaka mzima. Januari iliyofuata alifika mlangoni na godoro lake kichwani, akaambiwa kwamba jina lake halimo. Nafasi yake amepewa mwingine aliye mrefu kuliko yeye. Mama yake alikuwa ameuza mbuzi ili apate sare tu. Akarudi Nakivale siku ile ile na godoro lake. Sasa anafyatua matofali. Nilipomwona likizo iliyopita aliniuliza habari za mchezo wetu, lakini habari za shule hakuniuliza kabisa.

Katika ligi za wachezaji wa mshahara, mtu aliyemaliza mkataba wake huitwa mchezaji huru. Yeye yuko huru kwenda atakako, na timu yake iko huru kumwacha. Nataka tuutazame uhuru huo, kisha tupime mambo yetu.

Huko Marekani ligi kubwa iitwayo NBA humaliza michezo yake mwezi wa Juni. Watazamaji hurudi nyumbani, lakini kwa wakubwa wa timu hapo ndipo kazi inapoanza. Kila timu yaruhusiwa watu 15 wenye mikataba kamili, tena kuna kikomo cha mishahara. Katika msimu wa 2024–25 kilikuwa kiasi cha dola milioni 140 kwa timu nzima. Basi tajiri hawezi kumchukua kila amtakaye. Hana budi kuhesabu: nani mkataba wake umekwisha, nani amebakiwa na miaka, nani anazeeka, na fedha iliyobaki ni kiasi gani. Lakini sheria imeacha mlango mmoja. Mchezaji akiwa amedumu miaka 3 na timu yake, timu hiyo yaweza kumlipa hata kupita kikomo ili asiondoke. Sheria hiyo huitwa kwa jina la Larry Bird, aliyekuwa mchezaji wa Boston. Angalieni jambo hilo. Hata mahali ambapo kila kitu ni fedha, sheria yenyewe yampendelea yule uliye naye.

Nitatoa mifano miwili ya watu wa Kongo, kwa kuwa majina yao yajulikana sana kwetu Nakivale.

Wa kwanza ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1994 timu yake ya Denver, iliyokuwa ya nane katika upande wake, iliishinda Seattle iliyokuwa ya kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea kabla ya hapo. Picha yake akiwa amelala chini, ameushika mpira kwa mikono miwili na kucheka, imeonekana dunia nzima. Mwaka 1996 mkataba wake ukaisha, hawakupatana, naye akaenda Atlanta kwa mkataba wa miaka 5 na dola milioni 55 hivi. Msimu uliofuata Denver ilishinda michezo 21 katika 82, na msimu wa baada ya huo ilishinda 11 tu. Sisemi kwamba sababu ni yeye peke yake. Nasema kwamba mlinzi wa namna ile haokotwi njiani.

Wa pili ni Bismack Biyombo wa Lubumbashi, mji wa Kiswahili kama vijiji vyetu. Toronto ilimpata mwaka 2015 kwa mshahara mdogo. Mei 2016, katika mchezo mmoja na Cleveland, alinyakua mipira 26 iliyorudi kutoka kikapuni. Mkataba ukaisha, na Orlando ikamwekea dola milioni 72 kwa miaka 4. Toronto haikuweza kumzuia, kwa maana alikuwa amekaa nao mwaka mmoja tu, na ile sheria ya Bird haikuwapa nguvu kamili. Lakini mwezi ule ule ilimweka DeMar DeRozan, iliyekuwa naye tangu mwaka 2009, kwa zaidi ya dola milioni 130. Walijua mapema yupi watamwacha na yupi watamshika.

Najua rafiki zangu watanijibu. Watasema, "Mbona Toronto hiyo hiyo ilimtoa DeRozan mwaka 2018, ikamchukua Kawhi Leonard, ikatwaa ubingwa mwaka 2019?" Ni kweli, wala sitaficha. Walimtoa mtu wao wa miaka 9, wakapata kikombe. Tena DeRozan alilalamika hadharani kwamba aliambiwa hivi yakawa vile. Lakini sikilizeni mambo mawili. Leonard alikaa mwaka mmoja tu. Kabla mwezi haujapita tangu ubingwa, alikuwa ameamua kwenda zake Los Angeles. Na DeRozan, pamoja na uchungu wake, hakupoteza hata senti moja ya mshahara, kwa kuwa mkataba ulikuwa umeandikwa, na San Antonio walimomchukua waliutimiza. Ndugu yangu wa Nakivale alifukuzwa kwa neno la mdomo. Mutombo alipokuwa huru, Atlanta ilikuwa imemfungulia mlango. Kijana yule alipokuwa huru, mbele yake palikuwa na lango lililofungwa na njia ya vumbi ya kurudi kambini. Tusiyaite mambo hayo mawili kwa jina moja.

Hapa kwetu pia twaweza kujifunza. Ligi ya Afrika iitwayo BAL ilipoanza mwaka 2021 huko Kigali, kanuni yake ilikuwa kwamba katika wachezaji 13 wa timu, 9 wawe wenyeji wa nchi na wageni wasizidi 4. City Oilers ya Kampala ilipoingia ligi hiyo mwaka 2023, timu ya kwanza kutoka Uganda, iliingia na wageni wachache juu ya msingi wa watu wake. Mgeni huongeza, hawezi kuwa ndiye nyumba nzima. Kwa hesabu kama hiyo mimi mkimbizi ningewekwa katika wageni, wala sinung'uniki, maana ligi ni ya nchi. Lakini shule si nchi. Wa kwetu ni yule aliyelala katika mabweni yetu, akala posho na maharagwe yetu, akakimbia nasi saa kumi na mbili asubuhi, hata kama alizaliwa Bukavu au Mogadishu.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ndio uliolalia jana.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kufunga shule iandikwe orodha ya kila mchezaji, kidato chake, mahali anapocheza, na mwaka atakaoondoka. Nimejaribu mwenyewe. Tuko 12. Tutaondoka 5, na katika hao wamo warefu wetu wote wawili. Katika 7 watakaobaki, wanne ni wapeleka mpira, na mmoja wa kidato cha tatu bado anarefuka. Kwa hiyo hatuhitaji nyota wawili. Twahitaji mtu mmoja mrefu wa kukaa chini ya kikapu mpaka yule mdogo akomae.

Pili, nafasi moja ya karo apewe mmoja wa hao 7. Najua wawili ambao huenda wasirudi Januari kwa kukosa karo. Ni ajabu kumtafuta mtu Kampala huku wetu akizuiliwa nje.

Tatu, neno lolote litakalotolewa kwa mchezaji liandikwe, litiwe sahihi na mkuu wa shule na mzazi, nalo lidumu mpaka mtihani wake wa mwisho. Akiwa mvivu darasani au akivunja sheria, aadhibiwe kama mwingine. Lakini asifukuzwe kwa sababu goti limeumia, wala kwa sababu ameonekana aliye mrefu zaidi. Huenda tukakosa kikombe kwa ajili ya hayo. Mimi ni kapteni, na kikombe nakitaka kuliko wengi. Hata hivyo nasema tukikose.

Na ninyi wanafunzi wa zamani, mlioko kazini Mbarara, Kampala na kwingineko, msingoje kuitwa siku ya sherehe tu. Wanne wenu wakichanga karo ya muhula mmoja, kijana mmoja atarudi. Na mwenye nafasi likizoni aje Nakivale na mpira mmoja mzuri. Warefu mnaowatafuta mbali wako pale, wanacheza pekupeku.

Mimi mwenyewe Desemba nitakuwa mchezaji huru. Klabu moja imekwisha kunitumia salamu, na moyo wangu ulifurahi. Lakini kabla sijauliza nitalipwa nini, nitaomba kwanza kuiona karatasi. Nataka na mdogo wangu wa kidato cha tatu apate kuomba vivyo hivyo hapa shuleni, bila ya kuogopa.



Kapteni wa mpira wa kikapu, kidato cha sita